Rubani Mkuu ni Nani? Uhakiki wa Istilahi za Ajira na Vyeo vya Urubani

Istilahi "rubani mkuu" imekwisha kuzoeleka kiasi kwamba mfasiri haioni tena kuwa ni istilahi. Huiandika kama aandikavyo "mwalimu" au "karani", kisha akaendelea na sentensi yake, na msomaji naye huipokea bila kuuliza. Hata hivyo, ukiyatazama maandishi ya Kiswahili yanayohusu kazi ya urubani, yaani matangazo ya nafasi za kazi, taarifa za ajali, maelezo ya vyuo na tafsiri za kanuni, utaona kwamba neno hilo moja limebebeshwa dhana tatu: ofisa wa shirika anayewasimamia marubani wote, mwenye cheo cha juu miongoni mwa marubani walio ndani ya ndege, na yule ambaye sheria inamkabidhi ndege kwa safari moja maalumu. Mtu mmoja aweza kuwa yote matatu kwa siku moja. Aweza pia kuwa moja tu kati ya hayo, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Zamani, sheria zetu zilipokuwa zikiandikwa kwa Kiingereza, ulegevu wa namna hii ulivumilika, kwa kuwa penye ubishi watu walirudi kwenye matini ya Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Tangu hapo mfasiri wa kanuni za usafiri wa anga hafasiri tena ili kuwapa watu fununu ya yaliyomo. Anaandika maneno ambayo siku moja hakimu, mchunguzi wa ajali au wakili wa kampuni ya bima atayasoma neno kwa neno, na ambayo mtu aweza kupoteza leseni yake au kushtakiwa kwa ajili yake.

Wako watakaosema kwamba marubani wenyewe huzungumza Kiingereza kazini, na kwa hiyo juhudi hizi ni za bure. Ni kweli kwamba Kiingereza ndicho kinachotumika zaidi katika mawasiliano ya redio baina ya ndege na waongoza ndege, na kwamba Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, linalojulikana kwa ufupi kama ICAO, linamtaka rubani wa safari za kimataifa awe amefikia angalau ngazi ya 4 kati ya ngazi 6 za umilisi wa lugha. Lakini istilahi tunazozijadili hapa hazikusudiwi kwa rubani aliye angani. Zinakusudiwa kwa mzazi anayetaka kujua fedha zake zinanunua cheti gani, kwa mwalimu anayemshauri mwanafunzi, kwa ofisa utumishi anayepanga madaraja ya mishahara, kwa mwandishi wa habari, na kwa mahakama. Watu hao wote hufikiri na kuamua kwa Kiswahili.

Tuanze na mahali padogo, maana penye ndege ndogo ndipo tofauti inapoonekana wazi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kiwanja chake cha ndege mahali paitwapo Kikoboga. Kusini ya mji wa Mikumi, katika wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, ndiko iliko milima ya Uvidunda, na chini yake Kidodi na mashamba ya miwa. Mtoto wa huko hukua akiziona ndege ndogo zinazoleta watalii, nyingi zikiwa za injini moja kama Cessna Caravan, ambayo hubeba abiria wapatao dazeni moja na ambayo imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja peke yake. Rubani huyo akifika juu ya Kikoboga akakuta pundamilia wamesimama katikati ya njia ya kutulia, uamuzi wa kuzunguka, kusubiri au kurudi alikotoka ni wake. Ofisi yake iliyoko Dar es Salaam haiwezi kumwamulia. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, ambazo nchi wanachama wa Mkataba wa Chicago wa 1944 zimezichukua katika sheria zao, yeye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndege hiyo muda wote wa safari.

Je, mtu huyu ni "rubani mkuu"? Hana mdogo wake wa kumfanya awe mkuu. Aweza kuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mwenye leseni ambayo si ya juu kabisa. Wakati huo huo, katika ndege kubwa ya shirika la taifa inayopita juu ya milima hiyo hiyo kuelekea nchi za nje, aweza kuwamo rubani mwenye leseni ya juu kabisa na maelfu ya saa, ambaye katika safari ile hana neno la mwisho hata kidogo, kwa kuwa ameketi kiti cha kulia na ndege imekabidhiwa mwenzake. Kwa hiyo leseni ni jambo moja, cheo ni jambo la pili, na dhima ya safari ni jambo la tatu. Leseni hutolewa na mamlaka ya nchi, ambayo kwetu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Cheo hutolewa na mwajiri. Dhima hutolewa na sheria, nayo huanza na kumalizika pamoja na safari. Istilahi yoyote inayoyachanganya haya matatu haitufai, hata ikiwa tamu masikioni.

Sasa tuitazame sentensi ya namna hii, niliyoitunga kwa kufuata mtindo wa matangazo ya kazi tuliyoyazoea: "Anatakiwa rubani mkuu mwenye leseni ya biashara na uzoefu usiopungua saa 1500." Ni sentensi fupi na sarufi yake haina kasoro. Lakini karibu kila neno lililomo linapotosha.

"Leseni ya biashara" kila mwenye duka pale Mikumi anayo, au anapaswa kuwa nayo. Hupewa na halmashauri. Mfasiri aliyeitumia kwa rubani amelifuata neno la Kiingereza bila kuangalia kwamba nafasi ile katika Kiswahili imekwisha kukaliwa. Wengine wameandika "leseni ya rubani wa kibiashara", ambayo ni afadhali, ingawa bado inaashiria rubani mchuuzi. Dhana yenyewe ni nyepesi. Mwenye leseni ya chini, ile ya rubani binafsi, haruhusiwi kupokea ujira kwa kurusha ndege. Mwenye leseni hii ya pili anaruhusiwa. Tofauti ni malipo. Na Kiswahili kimekwisha kuipata namna ya kuitaja tofauti hiyo katika uwanja wa michezo, ambako kila mtu anajua maana ya mchezaji wa kulipwa na mchezaji wa ridhaa. Napendekeza tuseme "leseni ya rubani wa kulipwa". Mkulima wa miwa wa Kidodi ataielewa bila ya kufafanuliwa, na hilo ni jambo ambalo wabunifu wa istilahi hawapati mara nyingi.

Leseni ya tatu, iliyo ya juu kuliko zote, imefasiriwa "leseni ya rubani wa uchukuzi wa anga", "leseni ya rubani wa shirika la ndege" na hata "leseni ya ukapteni". Hiyo ya mwisho ni kosa lililo wazi, kwa sababu hakuna mamlaka inayotoa leseni ya ukapteni. Ile ya pili inamfanya msomaji adhani kwamba asiye na leseni hiyo hawezi kuajiriwa na shirika la ndege, jambo ambalo kwa nchi nyingi si kweli. Madereva wa mabasi yanayopita Mikumi kwenye barabara kuu ya Zambia wanajua kwamba leseni za udereva zina madaraja, na kwamba daraja huonyesha chombo gani mtu anaruhusiwa kukiendesha na kwa kazi gani. "Leseni ya urubani daraja la juu" ingetosha. Najua kwamba istilahi hii haitafsiri neno hata moja la Kiingereza, na hiyo kwangu si dosari.

Neno "uzoefu" lahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Mzizi wake ni kuzoea, na kuzoea si sifa njema siku zote. Wahenga walikwisha kusema kwamba mazoea yana taabu. Wapo wanaopendelea "tajiriba", neno lenye asili ya Kiarabu ambalo ndani yake mna wazo la kujaribu na kujaribiwa, na kwa kazi ya urubani lingefaa sana. Sitashikilia hapo. "Uzoefu" limeshinda katika ofisi zote, na kulifukuza ni kupigana na mto. Ninaloshikilia ni kwamba katika urubani uzoefu haupimwi kwa miaka kama tulivyozoea katika utumishi wa umma. Hupimwa kwa saa, na saa zenyewe si za aina moja.

Hapa mfasiri anakutana na tatizo ambalo Kiingereza hakina. "Saa" kwetu ni kifaa cha mkononi, ni muda wa dakika sitini, na ni nukta ya wakati katika mchana au usiku. "Awe na saa 1500" yaweza kusomwa kama maelezo ya mtu anayefanya biashara ya saa. Na kwa askari au mfanyakazi wa reli aliyezoea kuandika wakati kwa tarakimu nne, "saa 1500" ni saa tisa alasiri. Utani huu usitufanye tusahau hatari iliyopo, kwa kuwa dawa yake ni rahisi: saa itajwe daima pamoja na kazi iliyofanywa ndani yake. Lakini kazi gani? "Saa za kuruka" hazitoshi, maana abiria naye ameruka. Kiswahili kina unyambuaji wake wa kauli ya kusababisha, na hapa ndipo pa kuutumia: ndege huruka, rubani huirusha. "Saa 1,500 za kurusha ndege" ni maelezo yasiyo na utata. Haidhuru kwamba kurusha ni pia kurusha jiwe. Jiwe halina leseni.

Baada ya hapo ziko saa ndani ya saa. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, kinachohusu leseni, kinamtaka mwombaji wa leseni ya rubani binafsi awe amerusha ndege kwa saa 40, au 35 ikiwa amefuata mafunzo yaliyoidhinishwa. Kwa leseni ya rubani wa kulipwa ni saa 200, au 150 kwa mafunzo yaliyoidhinishwa, na umri usiopungua miaka 18. Kwa leseni ya daraja la juu ni saa 1,500 na umri wa miaka 21. Katika hizo 1,500 lazima zimo saa 100 za usiku, saa 75 za kuruka kwa kutegemea mitambo bila kuona nje, saa 200 za safari za kutoka kiwanja hadi kiwanja, na kiasi maalumu alichokuwa mwenye dhima ya safari, ama yeye mwenyewe ama chini ya uangalizi. Tangazo linalosema "saa 1,500" na kunyamaza halijasema kitu. Kijana aliyekusanya saa zote mchana mweupe katika ndege ya injini moja atasafiri kutoka Kilosa hadi Dar es Salaam kwa nauli ya kukopa, na kurudishwa mlangoni.

Idadi hiyo ya 1,500 ina balaa lingine. Mnamo Februari 2009 ndege ya abiria ya kampuni ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, na baada ya ajali hiyo Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 2010 iliyopandisha masharti ya kuajiriwa. Kuanzia mwaka 2013 rubani yeyote wa shirika la ndege la abiria nchini humo, hata yule wa kiti cha kulia, hutakiwa kuwa na leseni ya daraja la juu, na kwa hiyo kwa kawaida saa 1,500. Kuna misamaha michache, kama ile ya marubani waliotoka jeshini. Ulaya haikufuata mkondo huo, wala kanuni za ICAO hazikubadilishwa. Huko rubani wa kulipwa mwenye idhini ya aina ya ndege husika aweza kuingia katika shirika akiwa na saa mia mbili na kitu, mradi mwajiri na bima yake waridhike. Mfasiri anayechukua makala ya Kimarekani na kuyatia katika Kiswahili bila kutaja ni ya wapi anawafundisha vijana wetu sheria ya nchi nyingine. Nimeona maelezo ya jinsi hiyo yakisambazwa kwa wanafunzi kana kwamba ni masharti ya Tanzania. Matokeo yake ni kwamba mmoja atakata tamaa kabla ya kuanza, na mwingine atauza shamba ili anunue saa ambazo hakuna aliyemtaka awe nazo.

Turudi kwa "rubani mkuu". Walimu wanisaidie hapa. Shuleni, mwalimu mkuu ni mmoja tu, naye huwaongoza walimu wote. Hatumwiti mwalimu mkuu kila mwenye darasa lake. Kwa mantiki hiyo hiyo ya lugha, rubani mkuu angekuwa mkubwa wa marubani wote wa shirika, yule anayepanga mafunzo na nidhamu yao. Wadhifa huo upo kweli, na kanuni zinautaja. Basi tukimwita kila kapteni "rubani mkuu", mwenye wadhifa huo tutamwitaje? Napendekeza "mkuu wa marubani", kwa kugeuza tu mpangilio wa maneno, na istilahi "rubani mkuu" iachwe kabisa ili isiendelee kuzaa utata.

Kwa cheo cha ndani ya ndege kuna wanaotetea "nahodha". Ni neno zuri, lenye asili ya Kiajemi, lililofika pwani yetu pamoja na majahazi ya kaskazi na kusi, na ambalo ndani yake mna maana ya bwana wa chombo. Nahodha wa zamani aghalabu hakuwa mwendeshaji tu. Alikuwa pia msimamizi wa shehena na biashara, na pengine mwenye mali. Aliyeijua njia, miamba na milango ya bandari aliitwa rubani. Yaani katika bahari yetu maneno haya mawili yaligawana kazi kwa namna iliyo karibu sana na ile tunayoitafuta, na mtu angetamani kuyahamishia angani kama yalivyo. Lakini lugha haikungoja. Neno "rubani" lilipanda ndegeni peke yake likamwacha nahodha baharini, kama vile neno "ndege" lenyewe lilivyotoka kwa kiumbe mwenye mbawa likaingia kwa chombo, likabadilisha na ngeli yake njiani, bila ya kamati yoyote kuketi. Na huko bara, nahodha wa kwanza ambaye mtoto wa Uvidunda anamjua ni yule aliyefunga kitambaa mkononi katika uwanja wa mpira. Abiria husema "kapteni". Wahudumu wa ndege hutangaza "kapteni". Jeshi letu nalo lina kapteni, lakini sijapata kusikia mtu aliyepanda ndege ya abiria akadhani anaendeshwa na ofisa aliye chini ya meja. Kwa cheo, basi, na iwe "kapteni", na hali yake iwe "ukapteni".

Kwa dhima ya kisheria "kapteni" halifai, maana rubani wetu wa Kikoboga aweza asiwe na cheo hicho katika shirika lake na bado akabeba dhima yote. Wala halifai neno lolote lenye kushika usukani ndani yake, kwa sababu kanuni inasema wazi kwamba mtu huyu anawajibika akiwa anaishika mitambo ya kuongozea au haishiki. "Rubani kiongozi" limejaribiwa, nalo si baya, isipokuwa linaelekea upande wa kuonyesha njia, jambo ambalo tayari limo ndani ya "rubani". Lugha ya sheria zetu inalo jibu lililo karibu. Tunasema "waziri mwenye dhamana" tukikusudia waziri ambaye jambo fulani limewekwa mikononi mwake na ambaye ataulizwa likiharibika. "Rubani mwenye dhamana" lina maana hiyo hiyo, kwa safari moja. Kwa watumishi wa umma neno hili halihitaji maelezo, na kwa mahakama ni neno lililokwisha kupewa uzito.

Lililobaki kwenye kiti cha kulia ndilo ninaloliona zito kuliko yote, nalo ni "rubani msaidizi". Wengine wameandika "afisa wa kwanza", wakifasiri neno kwa neno cheo ambacho Waingereza walikitoa melini. Hilo tuliweke kando, kwa kuwa Mswahili akisikia "wa kwanza" atadhani ndiye mkubwa. "Msaidizi" ndilo lililoenea. Katika ofisi zetu msaidizi ni mtu asiyeruhusiwa kuamua: karani msaidizi, fundi msaidizi, utingo. Sivyo ilivyo angani. Rubani huyu ana leseni kamili na idhini ya aina ile ya ndege, na kwa kawaida marubani wawili hupokezana, huyu akirusha safari ya kwenda na yule ya kurudi, huku asiyerusha akifuatilia na kukosoa. Katika ndege inayohitaji marubani wawili, kanuni zinamhesabia saa zake zote, bila kuzipunguza, anapoomba leseni ya juu zaidi. Ni pale tu ndege inapokuwa ya rubani mmoja, na nchi ikaamua kuweka wa pili, ndipo zisizozidi nusu ya saa zake huhesabiwa.

Lakini sababu kubwa si hesabu ya saa. Mwaka 1977, mwaka ule ule ambao Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikufa na Shirika la Ndege la Tanzania likazaliwa, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana tarehe 27 Machi katika kiwanja cha kisiwa cha Tenerife, wakafa watu 583. Ndege ya Uholanzi ilianza kukimbia ili ipae hali ile ya Marekani ikiwa bado njiani mbele yake, katika ukungu. Rubani wa pili wa ndege ya Uholanzi alitamka redioni maneno yaliyoweza kueleweka ama kwamba wako mahali pa kupaa ama kwamba wanapaa, na mwongoza ndege akayachukua kwa maana ya kwanza. Mhandisi wa ndege hiyo aliuliza kama wenzao wamekwisha kutoka njiani; kapteni, mtu mwenye heshima kubwa katika shirika lake, akajibu kwa mkazo kwamba wametoka. Hakuna aliyemkatalia zaidi. Baada ya msiba huo mambo mawili yalibadilishwa duniani: neno la kupaa likazuiliwa lisitamkwe redioni ila wakati wa kutoa au kufuta ruhusa yenyewe ya kupaa, na marubani wakaanza kufunzwa kwamba wa kiti cha kulia ana wajibu wa kumpinga wa kiti cha kushoto. La kwanza ni suala la istilahi. La pili nalo, kwa kiasi fulani, ni suala la istilahi, kwa sababu mtu aliyeitwa msaidizi tangu siku ya kwanza ya ajira yake atahitaji ujasiri wa ziada kumwambia mkubwa "simamisha", hasa katika jamii kama zetu ambamo mdogo hufunzwa kunyamaza mbele ya mkubwa.

Kwa hiyo napendekeza "rubani mwenza". Neno "mwenza" lina bahati ya kuwa limekwisha kuingia katika lugha ya siasa kwa maana inayotufaa: mgombea mwenza si mtumwa wa mgombea, na akishachaguliwa kuwa Makamu wa Rais ndiye anayeushika uongozi iwapo kiti kitakuwa wazi. Rubani mwenza naye, kapteni akizimia hewani, ndiye atakayeishusha ndege.

Juu ya kupandishwa cheo sina mengi, ila tahadhari. Mtumishi wa umma anajua "kupanda daraja", jambo linalokuja kwa kupita kwa miaka pamoja na taarifa nzuri ya kazi. Ukapteni hauji hivyo. Mtu hungoja nafasi iwe wazi, na katika mashirika mengi hungoja kwa mpangilio wa aliyetangulia kuajiriwa. Kisha hufunzwa upya, hupimwa katika mtambo wa kuigiza urukaji, husafiri chini ya uangalizi wa kapteni mkufunzi, na akishindwa hurudi kiti cha kulia akiwa na saa zake zote elfu kadhaa. Wala leseni ya daraja la juu peke yake haimpi haki ya kudai cheo. Kitenzi kiwe "kupandishwa", cha kutendwa, wala kisiwe "kupanda". Zaidi ya hayo ndege yenyewe hupanda, abiria hupanda ndege, na mkulima hupanda mahindi. Marubani wenyewe husema mtu amehamia kiti cha kushoto. Kwetu usemi huo una kichekesho, maana mkono wa kushoto hatuupi heshima, na katika basi la Kilosa dereva huketi kulia, hata abiria achunguliaye mbele ya ndege hudhani aliye kulia ndiye mwendeshaji. Mfasiri wa riwaya auache usemi huo kama ulivyo. Mfasiri wa mkataba wa kazi asiuguse.

Yamebaki mawili yasiyonipa raha. La kwanza ni ile hali ya rubani anayefanya kazi zote za mwenye dhamana huku dhamana yenyewe ikiwa bado kwa mwingine aliyeketi naye akimtazama. Saa hizo huhesabiwa katika leseni ya daraja la juu, na lazima ziwe na jina. "Rubani mwenye dhamana chini ya uangalizi" linajipinga lenyewe, kwa sababu dhamana iliyo chini ya mwingine si dhamana. "Rubani mtarajiwa wa dhamana" linaelekea kufaa, lakini ni refu na halijajaribiwa. La pili ni ile idhini ya kuruka bila kuona nje. Wengi wameiita "idhini ya kuruka kwa vyombo", wakati ndege nzima ni chombo na hakuna aliyepata kuruka bila chombo. "Ala" lingefaa kimaana, ila limetekwa na wanamuziki. Katika makala haya nimesema "kuruka kwa kutegemea mitambo", nikijua kwamba injini nayo ni mtambo. Walio na neno lililo bora, hasa wanaofanya kazi viwanjani na wanaosikia jinsi mafundi na waongoza ndege wanavyolitaja jambo hili wanapozungumza Kiswahili wao kwa wao, na walilete kwa Baraza kabla tafsiri ya kanuni haijapigwa chapa.